Alama ya Tairi Mchangani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliporudi Kariakoo kwa miguu huku nimebeba kombe kichwani kama mtu aliyetoka bombani na ndoo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kombe lenyewe halikuwa kubwa, lingetosha chai ya watu wawili, lakini siku ile niliona Mtaa wa Uhuru wote umejengwa ili mimi nipite nalo. Muuza kahawa mmoja akaniuliza, "We mtoto, hilo kombe umelishinda au umetumwa ukalisafishe?" Nikamjibu, "Nimelishinda. Tena kwa gofu!" Akacheka hadi akashika birika lake kwa mikono miwili lisimwagike. Mtoto wa Ilala na gofu, wapi na wapi!

Ninyi mnaniita Babu Tairi. Asubuhi za Jumamosi mnapita hapa barazani kwangu mkienda mazoezini, fimbo zenu mgongoni, mnasema, "Shikamoo, Babu Tairi," nami naitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Kisha mnakwenda zenu mkidhani kwamba ujana wangu niliumalizia kwenye kuuza tairi. Hapana. Sijauza hata tairi la baiskeli. Leo nataka mjue jina hilo limetoka wapi, kwa sababu wiki iliyopita, katikati ya furaha yetu yote, niliona kitu kidogo kilichonirudisha kwenye ile Jumapili. Nitakisema mwishoni. Mzee akianza kusimulia, mwacheni akae vizuri kwanza.

Siku zile hapakuwa na mafunzo ya gofu kwa watoto wa uswahilini. Mimi niliingia uwanjani kwa kubeba mifuko ya wachezaji baada ya shule. Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa kuukuu, ilitupwa na mchezaji mmoja aliyekasirika, nami nikaikata mpini kwa msumeno ili inifae kimo. Nilifanya mazoezi kwa vizibo vya soda kwenye uchochoro nyuma ya nyumba yetu Ilala. Ukishazoea kupiga kizibo, mwanangu, mpira wa gofu unauona mkubwa kama nazi.

Mazoezini nilikuwa na mwenzangu mmoja, Godi wa Buguruni. Wazazi wake walikuwa wametoka kusini, wakapanga chumba kimoja karibu na soko. Godi alikuwa mwembamba, mkimya, na alikuwa na mkono ambao sijauona tena mpaka leo. Mimi nilipiga mbali, yeye alipiga pale alipotaka. Watu wazima waliacha vinywaji vyao wakatoka kuja kututazama. Mmoja angesema, "Huyu wa Ilala moto!" na mwingine angemjibu, "Subiri umwone yule wa Buguruni." Nawaambia ukweli, sisi wenyewe tulijisikia. Nani asingejisikia?

Ndipo yakatangazwa mashindano ya vijana. Mshindi wa Dar es Salaam angepata kombe, na zaidi ya kombe, angepelekwa Arusha kucheza na vijana wa Kenya na Uganda. Nafasi ilikuwa moja tu. Mimi sikuwahi kwenda mbali kuliko Bagamoyo. Godi hata Bagamoyo hakuijua. Kwa mwezi mzima tulizungumzia Arusha kama watu waliokwisha kufika, tukabishana kama baridi yake inahitaji sweta moja au mbili.

Shida yangu ilikuwa viatu. Viatu vya gofu vina meno chini ili mtu asiteleze anapouzungusha mwili. Vyangu vilikuwa vya mtumba, vya ngozi, vizuri kwa juu lakini soli imelika ikawa laini kama sahani. Nikampelekea mjomba wangu, Mjomba Pazi, fundi viatu aliyekuwa na kibaraza chake Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Akavigeuza, akavitazama, akasema, "Unataka usiteleze?" Nikasema ndiyo. Akachukua kipande cha tairi la lori, akakikata kwa umbo la soli, akakigongea chini ya kila kiatu. Meno ya tairi lile yalikuwa makubwa, yamepinda pinda kama maji ya bahari mtoto anapoyachora. Nilipokanyaga udongo, ungedhani lori dogo limepita kwa miguu miwili.

Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini sikuteleza.

Sasa nieleze jambo moja la mchezo, maana najua hata mama zenu mtawasomea haya. Uwanja wa gofu una mashimo ya kutumbukiza mpira, na karibu na mashimo hayo kuna mabonde madogo yaliyojazwa mchanga, tunayaita banka. Yamewekwa pale kukusumbua. Mpira ukiingia banka, unaingia na wewe, unaupiga kutoka mchangani. Ukimaliza, kuna reki imelazwa pembeni. Unaichukua, unasawazisha mchanga, unafuta nyayo zako, unaondoka. Si kwa ajili yako. Wewe umeshapiga. Ni kwa ajili ya anayekuja, kwa sababu sheria ya gofu inasema mpira unachezwa pale ulipo. Ukidondokea kwenye wayo wa mtu, huruhusiwi kuusogeza. Utaupiga humo humo.

Uwanja wetu tuliuzunguka mara mbili, mashimo tisa asubuhi na yale yale tisa baadaye. Mimi na Godi tulikuwa kundi la mwisho, nyuma yetu hapakuwa na mtu. Kwenye shimo la tisa, mbele kabisa ya watu, mpira wangu ukaingia banka. Nikashuka na soli zangu za tairi, nikajikita, nikapiga. Mchanga uliruka juu, mpira ukatoka, ukadunda mara moja, ukaviringika, ukaingia shimoni moja kwa moja.

Mwanangu, kelele zile! Kuna mzee mmoja alirusha kofia na hakuipata tena. Mimi nikatoka banka mikono juu, nikakimbia nikiuzunguka uwanja mdogo wa majani mafupi wenye shimo kama mfungaji wa goli la mwisho. Godi akanifuata, akanipa mkono, kisha akasema taratibu, "Kassim, reki."

"Aah, wafanyakazi wapo, bwana."

"Leo Jumapili. Wako jikoni."

"Basi watakuja baadaye. Twende zetu, nimewaka!"

Mimi yule yule niliyekuwa nikisawazisha mchanga wa watu wengine kila siku baada ya shule, siku ya kushangiliwa kwangu niliona reki imekuwa nzito. Godi aligeuka kutaka kwenda kuichukua yeye, nami nikamvuta mkono. Mwamuzi alikuwa akituita shimo la kwanza. Tukaondoka.

Mzunguko wa pili ulikuwa mtamu kuliko wali wa nazi. Nikipata mimi, anapata yeye. Tulipofika tena shimo la tisa, la mwisho, tulikuwa tumelingana kabisa. Mimi nilimaliza shimo lile kwa mikwaju mitano, na kwenye gofu aliyepiga mara chache ndiye anayeshinda. Godi alikuwa ameshapiga miwili, na mpira wake wa pili ulikuwa umeingia banka. Angetoka kwa mkwaju mmoja na kuuzamisha kwa mmoja, jumla minne. Arusha ingekuwa yake.

Akafika ukingoni, akasimama. Hakushuka. Nikamwona anatazama chini, kisha anatazama miguu yangu, kisha chini tena. Nikasogea. Mpira ulikuwa umelala ndani ya wayo mmoja mkubwa, wenye kina, uliochorwa mawimbi pande zote. Watoto wenzetu wabeba mifuko walichungulia, mmoja akapiga kelele, "Jamani, tairi hilo! Lori la Kassim!" Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua aweke wapi uso wake.

Mwamuzi akasema, "Mpira unachezwa ulipo."

Godi akashika fimbo yake. Akashuka, akapiga. Mpira ukagonga ukingo ukarudi mle mle. Akapiga tena, ukapanda nusu ukashuka. Mara ya tatu ukatoka. Akauzamisha kwa mkwaju mmoja, safi kabisa. Jumla sita. Nilimshinda kwa mkwaju mmoja tu.

Alinipa mkono wa pongezi. Alivua na kofia, kama tulivyofundishwa. Halafu akaondoka kwenda Buguruni kabla kombe halijatolewa.

Na mimi, mwanangu, nikalibeba kombe kichwani. Sitaki kukudanganya kwamba nililia njiani. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba sikuvunja sheria yoyote, na kweli sikuvunja. Katika kitabu chote cha gofu hapakuwa na adhabu ya mtu aliyesahau reki.

Nikamkuta Mjomba Pazi anafunga kazi. Lazima mjue alivyokuwa akifunga kazi. Fundi viatu anamwaga misumari kutwa nzima, midogo, ile ya kugongea soli. Wengine wakimaliza wanakunja mkeka wanaondoka. Mjomba alikuwa na sumaku aliyoifunga kamba, na kila jioni aliiburuza kwenye vumbi pale alipokaa, mbele na nyuma, kushoto na kulia, mpaka isirudi na msumari hata mmoja. Ndipo alipokwenda nyumbani. Nimemwona akifanya hivyo ana homa. Nimemwona akifanya hivyo mvua inaanza.

Aliponiona na kombe, aliangusha sumaku, akanikumbatia, akawaita majirani wote wa mtaa. "Mpwa wangu huyu! Soli yangu hiyo!" Nikapewa soda. Nikapewa kiti chake mwenyewe. Nikasimulia shimo moja moja, na nilipofika la mwisho nikaliweka kama kichekesho. "Mjomba, wewe ndiye umenipa kombe. Mpira wa Godi uliingia kwenye alama ya tairi lako! Alihangaika humo kama kuku kwenye tope!"

Majirani walicheka. Mjomba hakucheka.

"Alama hiyo kwa nini ilikuwepo?" akauliza.

"Nilipita asubuhi."

"Hakuna cha kufutia?"

"Kuna reki. Lakini watu walikuwa wananishangilia, Mjomba."

Akaokota sumaku yake, akaendelea kuiburuza. Alikwenda mbele, akarudi nyuma. Majirani wakaona hali imebadilika, wakaanza kuaga mmoja mmoja. Tulipobaki wawili akasema, bila kunitazama, "Vua viatu."

Nikavua. Akaviweka kwenye kisanduku chake cha vifaa, akafunga.

"Kombe utaliacha hapa. Nenda Buguruni."

"Pekupeku, Mjomba?"

"Pekupeku. Na ukifika huko, hesabu misumari iliyokuchoma njiani. Kisha urudi uniambie wenye misumari hiyo walikuwa wanashangiliwa na nani."

Hayo tu ndiyo aliyonifokea. Hakupaza sauti hata kidogo. Mimi nimefokewa na walimu wa shule tatu, lakini hakuna maneno yaliyokaa kwangu kama hayo.

Kutoka Kariakoo mpaka Buguruni bila viatu, mwanangu, ni darasa. Nilitembea macho chini kama mtu aliyedondosha pete. Niliona vigae vya chupa, mifupa ya samaki, nyaya. Kila kitu kilichokuwa chini kilikuwa kimeachwa na mtu aliyekuwa na haraka yake. Na pale palipofagiliwa mbele ya duka la mtu, mguu wangu ulishukuru kwa mtu ambaye simjui na ambaye hatanijua.

Nilimkuta mama yake Godi nje, anakaanga vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mshindi! Mbona miguu mitupu, viatu umevigawa?"

"Vimefungiwa, mama."

Akanitazama, akatazama vidole vyangu vilivyojaa vumbi, akanipa kitumbua bila kuuliza zaidi. Akina mama wana akili hiyo. "Godi yuko uani," akasema.

Godi alikuwa anafua suruali ile aliyochezea. Hakuinua kichwa. "Umekuja kunionyesha kombe?"

"Limefungiwa pia."

"Na nani?"

"Mjomba."

Hapo akainua kichwa, na nikaona kwamba anajizuia kucheka. Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Maneno mengi niliyokuwa nimeyatayarisha njiani nikayaacha. Nikasema tu, "Godi, uliniambia reki. Nisamehe."

Akakamua suruali, akaitundika. "Nimeshakusamehe. Lakini unajua kinachoniuma? Si kushindwa. Ningeshindwa kwa mkono wangu, ningelala. Kinachoniuma ni kwamba sijui. Pengine ningetoka vizuri. Pengine ningeupeleka mpaka barabarani. Sitajua maisha yangu yote."

Nikaona hapo ndipo nilipomwibia. Kombe lilikuwa jambo dogo. Nilikuwa nimemwibia kujua.

"Basi kesho," nikasema. "Kabla ya shule. Mpira mahali pale pale, mchanga umesawazishwa. Ukitoka na ukauzamisha, safari ni yako."

"Acha utani."

"Mikwaju miwili tu, kama ambavyo ingekuwa. Ukishindwa, nakwenda mimi, na hutaniuliza tena."

Povu la sabuni lilimkauka mikononi. "Na uje na reki yako mwenyewe," akasema, na sasa alicheka kweli.

Jumatatu jua lilipokuwa linachomoza tulikuwa uwanjani, sare za shule mwilini, mimi bado pekupeku. Katibu wa klabu, mzee mmoja mnene aliyependa kuwahi kazini, alitukuta tukishuka banka, akaja na kikombe cha chai mkononi kutaka kujua tunaharibu nini. Tulimweleza. Alisimama tu pale.

Nilisawazisha mchanga ule kwa reki, mimi mwenyewe. Niliupitia mara mbili, mara tatu. Godi akaona nazidisha, akasema, "We, hutandiki kitanda. Weka mpira." Nikauweka, nikatoka kwa kurudi kinyumenyume, nikifuta nyayo zangu hadi ukingoni.

Akajikita. Akapiga.

Mchanga ulitoka mwembamba kama unga unapopepetwa, na mpira ukapanda, ukashuka kwa upole, ukaviringika ukasimama hatua tatu kutoka shimoni. Hatua tatu, mwanangu, ni karibu na ni mbali. Nimeona watu wazima wakikosa hatua moja.

Godi alizunguka shimo, akachutama, akasimama. Moyo wangu ulikuwa unadunda na sikujua unadunda upande gani. Arusha ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeomba akose, ningekuwa na haki yote. Akaugusa mpira. Ukaenda, ukafika ukingoni mwa shimo, ukazunguka mdomo wake kama mtu anayetafuta mlango, ukaingia.

Nikaruka! Nilipiga kelele kuliko nilizopigiwa mimi jana yake. Nilimkamata Godi kiunoni nikamwinua, tukaanguka wote wawili kwenye majani yenye umande na sare zetu za shule. Nilikuwa nimeshashangilia kwa pumzi nzima ndipo nikakumbuka kwamba nimeikosa safari. Na nilipokumbuka, mwanangu, nikaona furaha bado ipo pale pale. Haikuondoka. Nilishangaa sana. Sikujua kabla ya hapo kwamba mtu anaweza kufurahi hivyo kwa mpira ambao si wake.

Chai ya katibu ilikuwa yote imemwagikia kwenye kiatu chake. Akasema, "Kombe limeshatolewa, jina lako liko kwenye orodha, siwezi kulifuta. Lakini nani anakwenda Arusha, kama mshindi mwenyewe anaridhia, hilo naweza kuandika." Akaenda akaandika.

Nikapita kwa Mjomba Pazi kabla ya shule. Nikamwambia yote. Alinisikiliza akiwa na misumari mitatu katikati ya midomo kama kawaida yake, kisha akaitoa mmoja mmoja.

"Misumari mingapi ilikuchoma?"

"Hakuna, Mjomba. Nilitazama chini njia nzima."

"Anayekuja nyuma yako huenda hana muda wa kutazama," akasema. "Ndiyo maana naburuza sumaku." Akafungua kisanduku, akanipa viatu. Meno ya tairi yalikuwa yamesafishwa, hata chembe ya mchanga haikubaki.

Viatu hivyo havikukaa kwangu siku nyingi. Godi hakuwa na viatu vya kwendea Arusha, na miguu yetu ilikuwa saizi moja. Alivivaa huko, akashika nafasi ya nne kati ya vijana wa nchi tatu, na alikuja na habari kwamba wenzake kutoka Nairobi walikuwa wakiinama kutazama nyayo zake wakijiuliza ni kampuni gani hiyo. Tangu hapo sisi tukawa Tairi la Mbele na Tairi la Nyuma. Mwaka uliofuata nilishinda tena, nikaenda mimi. Nilishika nafasi ya ngapi, hilo tuliache.

Tairi la Nyuma ndiye huyo mnayemwita Kocha Godi, anayewafundisha kila Jumamosi. Ndiyo, huyo huyo mwenye mvi, anayewapigia kelele mkiinua kichwa mapema. Na ninapowaona ninyi, watoto wa Ilala, wa Mchikichini, wa Buguruni, mna miaka tisa, kumi, kumi na moja, mnapiga vile ambavyo sisi hatukuota, moyo wangu unajaa. Fimbo zenu mmezitoa kwenye marobota ya mitumba, zimekatwa mipini kama yangu ilivyokatwa. Na bado mnashinda! Kuna msichana mmoja hapa mtaani amepiga mpira ukaingia shimoni kwa mkwaju wa kwanza, jambo ambalo mimi katika umri wangu wote nimelifanya ndotoni tu. Jumamosi iliyopita mmeleta makombe matatu, mtaa ukapikiwa pilau, spika zikatolewa nje, na mimi mwenye magoti haya nikacheza.

Sasa nakuja kwenye kile kitu kidogo. Siku ile uwanjani, mmoja wenu alipiga kutoka banka mpira ukaingia. Simtaji. Mwenyewe akisoma atajijua, na nadhani atacheka. Watu walimbeba juu juu, mama yake akamfunga kanga kiunoni, picha zikapigwa. Haki yake. Mimi na Kocha Godi tulibaki nyuma, tukatazama banka, tukatazamana. Nyayo ndogo nne, nzuri, za raba mpya.

Nikachukua reki, nikashuka mwenyewe kuzifuta. Kushuka nilishuka. Kutoka nikashindwa, magoti yaligoma, nikapanda ukingo kwa kutambaa, na nilipogeuka kutazama kazi yangu nikaona nimeacha nyayo, magoti na alama ya fimbo yangu ya kutembelea. Godi alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. "Tairi!" akapaza sauti. "Miaka yote hii, hujajifunza?" Ikabidi ashuke yeye kunifutia, na mimi nikamfutia yeye kutoka ukingoni. Wazee wawili tukapokezana reki moja mpaka jua likaanza kuzama, na kundi la mwisho likapita bila kujua kwamba pale palikuwa na kitu.

Mwanangu, huu ndio usia wangu. Cheza, na ushinde, na ukishinda furahi kwa sauti. Mtu asikuambie ujifiche. Ushindi wa mapema ni zawadi, upokee kwa mikono miwili. Ila ukishapunga mikono, rudi. Chukua reki kabla ya kombe. Anayekuja nyuma yako hutamwona, na pengine ana uwezo kuliko wewe, na pengine Arusha ilikuwa yake. Mwachie mchanga uliosawazishwa, apige kwa mkono wake mwenyewe, ajue alichonacho. Akikushinda hapo, amekushinda kihalali, na utashangaa jinsi utakavyopiga kelele kumshangilia. Na kama umeshasahau, kama mimi nilivyosahau, usikae na kombe ukisubiri jambo lipoe. Vua viatu uende Buguruni siku hiyo hiyo. Wala si mbali.

Mwenyezi Mungu ainyooshe mikono yenu na aipe nguvu miguu yenu. Awape viwanja vipana na marafiki wa kuwaambia "reki" kwa sauti ya taratibu. Awaonyeshe Arusha na Nairobi na kote ambako sisi hatukufika, na awarudishe salama mtaani mkiwa na makombe kichwani, tuwapishe njia. Na mtakapokuwa wazee wenye magoti yasiyosikia, kila mmoja wenu asikose mwenzake wa kushika upande wa pili wa reki.

Amina. Haya, sasa nendeni mazoezini, Kocha anasubiri.